Ufunguo wa Stoo

"Mia tatu na themanini!" Warsiti aliitupa mkekani mashine ya kupimia sukari. "Mama, umekula nini?"

Mama Tumirah alikuwa amechuchumaa jikoni, akibandua sukari ya mnazi kwenye vifuu, kazi aliyoifanya tangu hajaolewa. "Wali wangu wa asubuhi tu, mwanangu."

"Kwa hiyo sukari imeingilia dirishani?"

Mama alicheka. Warsiti hakucheka.

Nesi wa kijiji alikwisha kumweleza. Insulini, dawa ile ya sindano, ni ufunguo: inaufungulia mwili mlango ili sukari ya kwenye damu iingie ndani, iwe nguvu. Ikipungua, sukari inajaa kwenye damu na kuharibu figo na miguu. Ikizidi, damu inabaki tupu bila sukari, na mtu anaweza kulala asiamke. Nawa, pima, ndipo uchome. Mashine ikisoma juu, ongeza.

Warsiti akaongeza.

Kesho yake mashine ilisoma mia tatu na tisini. Siku ya tatu, mia nne na kumi. Kila adhuhuri aliacha sufuria ya tembo tamu la mnazi ikichemka, akashika kidole cha mama, akakipangusa kwa upindo wa sarungi, shuka aliyojifunga kiunoni, na kukitoboa. Kila siku dozi ilipanda. Jamani, mtu mzima wa miaka sitini na nane anadokoa sukari kama mtoto! Hasira ilimjaa, na chini ya hasira hofu. Baba yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, kisha wakamzika. Hatakubali kumzika na mama, wallahi.

Akaitia stoo ya sukari kufuli. Mama aliendelea kubandua, lakini kila kipande kilihesabiwa na kufungiwa.

Siku ya tano mchana, Warsiti alimkuta mama ameegemea mlango wa stoo, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka.

"Warsiti, nionjeshe kidogo. Kipande kimoja tu."

"Si ndiyo hayo! Leo umejitaja mwenyewe."

"Naona giza, mwanangu."

"Sukari ndiyo inayokutia giza. Nenda kalale, mama. Nakufanyia hivi kwa sababu nakupenda."

Mama aligeuka. Alishika ukuta, akaenda kulala. Alasiri ilipoadhiniwa hakuamka.

Siku ya saba ya hitima, nesi alikuja kutoa pole. Alimkuta Warsiti amechuchumaa pale pale pa mama yake, akibandua sukari.

"Alikuwa anadokoa, dada," Warsiti alisema, machozi yakimtoka. "Nilifunga kila kitu. Sijui alikuwa anaipata wapi."

"Basi pole. Hebu nikupime na wewe. Ugonjwa huu hufuata ukoo."

Warsiti alipangusa kidole kwa upindo wa sarungi, akakinyoosha. Nesi alikitoboa, akaitazama mashine.

"Mia nne na ishirini. Umekula nini leo?"

"Nile nini, dada? Leo Alhamisi, nimefunga. Hata maji sijayatia kinywani tangu daku."

Nesi aliviangalia vile vidole vinavyonata. Akainuka, akachota maji mtungini kwa kata.

"Nawa kwanza," alisema.

Mashine ikasoma tisini na mbili.