Bega la Komora

"Mamba! Komora, mamba nyuma yako!"

Komora, aliyekuwa akinawa miguu mtoni, alitoka majini mbio. Alidaka kamba ya pantoni akajivuta hadi juu kwa mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia ulining'inia tu ubavuni.

Mamba hakuwepo. Aliyekuwepo ni Tahir, karani wa mkandarasi wa kivuko cha Garsen, amejibanza nyuma ya mapipa.

"Samahani, nduyangu. Kumbe ni gogo," alisema.

Hakuwa na raha na ujanja wake, lakini angefanyaje? Mafuriko ya mwaka ule wa hamsini na sita yaliichukua kamba kwa nguvu Komora akiivuta, ikamtegua bega. Tangu siku hiyo alisema mkono haunyanyuki. Sasa aliomba kibali cha kwenda hospitali Mombasa, akandwe na kunyooshwa viungo kwa miezi kadhaa, huku mshahara ukiendelea. Sheria ya fidia ilimruhusu, mradi Tahir aweke sahihi kwamba jeraha ni la kweli.

Na Tahir alishachezewa shere mara mbili na wafanyakazi waliojidai wameumia. Wa kwanza, aliyelalamikia mgongo, alionekana kijijini Ozi akicheza ngoma harusini. Wa pili, aliyelalamikia goti, alikutwa juu ya mnazi. Bwana mkubwa alimwambia waziwazi: akidanganywa tena, arudi kwao Kipini. Huko Kipini kulikuwa na mama mgonjwa na watoto, na wote walikula kwa kalamu yake.

Kwa hiyo hakumwamini Komora hata kidogo. Alimvizia sokoni. Alimwangushia kopo miguuni ili aone atalidaka kwa mkono gani. Alimwendea hata mkewe, Madina, akijifanya amepita kusalimia.

"Hata shuka mimi namfunga," Madina alisema. "Wewe karani, huna huruma?"

Bado Tahir hakuridhika. Ijumaa ni siku ya watu wengi, na Komora angejihadhari mbele yao. Akaona ni heri siku ya kawaida, mtu akiwa hana habari. Jumatatu mchana akamwalika Komora kula wali na samaki pamoja na wazee wawili wa kijiji cha Hewani waliokuwa wakingoja kuvuka.

Sinia likaletwa. Wazee wakasema bismillahi. Komora aliinamisha uso, akaomba atengewe chakula chake pembeni, kisha akaanza kula kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja akageuza macho. Yule mwingine akasita na tonge mkononi. Jasho lilimtoka Komora kwa haya, tonge likamponyoka, akaliokota kwa mkono uleule wa kushoto.

Tahir aliona aibu, akaacha kula. Mwislamu gani angejidhalilisha hivyo mbele ya wazee kwa ajili ya uongo? Alinawa haraka, akaingia ofisini, akaweka sahihi na mhuri, kisha akakimbia na bahasha hadi kwenye lori la Malindi.

Dereva wa lori, Iha, alikuwa akimimina maji kwenye rejeta. Hakuwa Mwislamu, na hakuwa na swala ya kungoja. "Nikimaliza hapa naondoka," alisema, akaisukuma bahasha chini ya kiti.

Tahir akarudi moyo mweupe. Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko aliona amemtendea mtu haki. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshatolewa na wanaume walikuwa wakipanga safu msikitini. Alitawadha, akajipenyeza upande wa kulia wa Komora, bega kwa bega, akatia nia.

"Allahu akbar," imamu akasema.

Tahir akainua mikono hadi masikioni. Na pale pembeni yake akahisi kiwiko cha kulia cha Komora kikipanda taratibu, kwa unyenyekevu, bila kusita, hadi sikioni.

Nje, lori la Malindi likaunguruma. Rakaa zilikuwa nne.