Kigelegele cha Bi Harusi Panya

Eti, "Bibi, mimi na mume wangu tunahamia nyumba yetu mpya kimyakimya, majirani wana kijicho!" Ndivyo alivyoniambia mjukuu wangu Tunu jana. Nikamwambia, kaa hapo nikuchekeshe.

Panya na mumewe, ndoa yao ya juzi tu, walinunua shimo kwa Kicheche kwa kapu zima la karanga. Kicheche akawaonya, "Ingieni bila kelele, wanangu. Majirani wa hapa wabaya."

Mume akanyata. Mke akashindwa! Nyumba yake ya kwanza, mtoto wa watu atanyamazaje? Akapiga kigelegele.

Kikajibiwa humo humo ndani! Kimoja, cha pili, cha tatu!

"Nani anashangilia kwangu?" akauliza bi harusi.

"Kwako wapi, shoga? Hapa kwangu!"

Kumbe shimo lina milango minne, na Kicheche kauza kila mlango kwa maharusi tofauti, wote kawanyamazisha.

Wakatoka mbio wanane, wakamkuta kwake anatafuna karanga, mdomo umejaa, hata kujitetea hawezi. Wakamfukuza, na nyumba yake wakagawana.

Wewe nawe, ukiona maharusi wanatafuta nyumba, wasimulie.