Majivu Hayataki Chumvi

Siku hizo Kyela nzima iliishi kwa majivu ya pumba za mpunga. Yalianikwa uani, meupe pe, yakinunuliwa kama silika safi ya kutengenezea kompyuta, na chumvi ya tone moja la chozi ilitosha kuyaharibu. Kwa hiyo kila mwali aliyeolewa humo alizibwa kwanza mishipa ya machozi.

Siku ya kumzika mwanawe, Tusekile alikaa macho makavu. Mama mkwe wake, mgeni kutoka Tukuyu, alimtazama hadi akachoka.

“Mwanangu ameoa jiwe,” alisema, kisha akainamia ungo wa majivu, akaangua kilio.

Jeneza lilipotolewa Tusekile hakuinuka. Sasa aliruka, akaufunika ungo kwa kanga yake.

“Mama, tafadhali. Nenda ukalilie barabarani.”