Kovu la Mwisho la Mninga

Kila masika yalipoisha, Nungunungu alichoma nyasi zingali na umande, kama walivyofanya bibi zake. Moto ulilamba majani makavu tu, kisha ukafa. Tembo, mkuu wa msitu, akamwita mharibifu na kumfukuza.

Mwaka wa saba baada ya kumfukuza ukaja ukame, radi ikapiga, msitu wote ukateketea. Tembo akamwagiza Kigong'ota asome gogo la mninga mkongwe lililosalia, ajue kwa nini moto huu uliushinda msitu.

“Mzee, kila pete ni mwaka mmoja. Mti huu ulivuka ukame mkali kuliko huu. Karibu kila pete ina kovu dogo la moto, isipokuwa saba za mwisho.”

Tembo akashusha mkonga. “Basi Nungunungu arudi atufundishe.”

“Alifia ugenini. Wanawe walibaki hapa, ila uliwafundisha kwamba mama yao alikuwa mharibifu, nao hawakujifunza kazi yake.”