Kiti cha Nyuma

Bakiri alilipenda lile gari la zamani tangu juzi, lilipowaka mara moja. Lilimzidi umri, lakini bodi haikuwa na kutu, na bei yake waliimudu. Leo alimleta mkewe, Mashavu, ili naye alijaribu.

Mashavu aliketi kiti cha nyuma, akaweka mkongojo wake kando. "Watoto wote wataenea hapa," alisema, akiipapasa ngozi ya kiti.

Kisha akataka kushuka. Kiti kilikuwa chini mno. Alishika mlango, akajiinua, akarudi kuketi. Mara ya pili ikawa vilevile. Mwenye gari akageukia pembeni, akajifanya anafuta kioo.

Bakiri akamnyooshea mkono.

"Subiri, baba Tatu," Mashavu alisema taratibu. "Mwezi uliopita ningeshuka mwenyewe."

Bakiri akaurudisha mkono. Wiki zote hizo alikuwa akiwaambia watu kwamba miguu ya mkewe inapata nguvu.

"Kuna kasoro, kaka?" mwenye gari aliuliza.

"Gari halina kasoro."

Akazunguka upande wa pili, akaingia, akaketi karibu na mkewe na kufunga mlango.