Mistari Minne ya Pembeni

Saa tatu asubuhi shamba la jirani lilikuwa limebaki mabua. Viwavi walikuwa wamelifagia. Ng'ambo ya uzio, mahindi ya taasisi ya utafiti yalisimama kijani, marefu kuliko mtu, yamebanana kama ukuta.

"Macho hayana pazia," Daktari aliwaambia wageni. "Tazameni wenyewe."

Ndiye aliyehariri jeni ya mahindi hayo ili majani yawe machungu kwa viwavi. Leo kamati ya wafadhili ingeamua: mbegu igawiwe wakulima wote msimu ujao, au maabara yake ifungwe. Mwenyekiti, mama ambaye wajumbe walimwita Bi Ushahidi, alipenyeza vidole kwenye matundu ya uzio, akapapasa jani.

"Haya ndiyo yenyewe?"

"Hapana, mama. Mistari minne ya pembeni ni mahindi ya dukani. Kila jaribio tunalizungushia mimea ya kawaida, iwe ngao. Tuliipanda iliwe." Daktari akatabasamu. "Lakini hata hiyo haikuguswa! Viwavi wamenusa kilichomo ndani, wakageuza njia."

"Kweli jirani mwema ni bora kuliko dawa," mjumbe mmoja akasema. Wenzake wakacheka.

"Basi tuingie," akasema Bi Ushahidi.

"Haiwezekani, mama. Tangu palizi ya mwisho hajaingia mtu humo, hata mimi. Kanuni hiyo nimeitunga mwenyewe." Alilisema kwa fahari. Ripoti yote ya mafanikio aliiandika ofisini, akichungulia dirishani.

"Mwanangu, mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia."

Hilo Daktari alilitarajia. Akamgeukia kaka wa mkewe, mpiga picha, aliyekuja na droni.

"Shemeji, irushe. Ishushe karibu kabisa, waone jani kwa jani."

"Nianze na huo upara wako, shemeji? Nao haujaguswa na kitu."

"Kazi kwanza, utani baadaye!"

Droni ikapaa. Wageni wakasongamana mbele ya skrini, kwenye hema lililosimikwa kando ya uzio, Bi Ushahidi kalamu mkononi. Daktari alianza kupiga makofi kabla picha haijatulia.

Mistari minne ya mahindi ya dukani ikaonekana, kijani kibichi, imelizunguka shamba kama fremu. Ndani ya fremu palikuwa na mabua matupu. Shemeji akaishusha droni karibu kabisa, kama alivyoagizwa, na skrini nzima ikajaa viwavi walionona.