Tope la Jumamosi

Siku Daktari wa meno alipoitangazia familia yake kwamba kuanzia wiki hiyo ameyaacha maisha ya lami na kuingia rasmi katika maisha ya porini, tukio lenyewe lilipungukiwa heshima kidogo, kwa sababu alilitangaza akiwa amelala kifudifudi sebuleni, mkono mmoja chini ya kabati, akitafuta nati.

Nati ilipatikana. Pikipiki yake kubwa, iliyokuwa imekaa mwaka mzima chini ya turubai kama mgonjwa mahututi, ikafungwa springi mpya mbele na shokomzoba mpya nyuma, za kuhimili mawe, makorongo na mashimo ambayo hata mbuzi huyakwepa.

Fundi alipomaliza, aliwaita mume na mke waone kitu kimoja. Mguu mmoja wa foko, vile vyuma viwili vinavyolishika gurudumu la mbele, alikuwa ameuvisha pete nyembamba ya mpira.

"Ukigonga shimo, foko inazama na kuisukuma pete juu. Foko ikirudi, pete inabaki kule kule," alisema. "Ukifika nyumbani unaona ulizama kiasi gani. Watu utawadanganya, hii haidanganyiki."

"Sasa nani atadanganya?" Daktari alicheka.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, hakucheka. Alikuwa anaitazama pete.

Basi ikawa kila Jumamosi asubuhi Daktari anaondoka na kofia, buti na kinga za magoti, na kurudi saa nane mchana ametapakaa tope hadi kwenye nyusi. Mezani anasimulia. Amevuka mto. Ameruka gogo. Ameshuka mteremko ambao, kwa maelezo yake, ulikuwa unaelekea chini kupita kawaida. Watoto wanapiga makofi. Mwalimu anapakua chakula.

Jumamosi ya tatu, Daktari akiwa bafuni, Mwalimu alitoka na rula na kuinama kwenye gurudumu la mbele. Tangu Jumatano pete ilikuwa chini kabisa. Hilo alikuwa na hakika nalo. Sasa ilikuwa imepanda upana wa ukucha. Hicho ni kipimo cha tuta la barabarani. Mtu aliyeruka gogo angeikuta imepanda shubiri nzima.

Akalichunguza na tope. Lilikuwa kwenye tangi, kwenye taa, kwenye vioo. Chini ya madigadi, mahali tope linapoanzia safari yake, palikuwa pasafi kama sahani.

Alimpigia simu dada yake.

"Mwanamume anakwenda porini, porini hafiki, na tope anarudi nalo," dada alisema. "Mdogo wangu, huyo kapakwa."

"Na nani?"

"Mwanamke mwenye kucha ndefu. Halafu wewe, tangu lini unajua mambo ya foko?"

"Fundi alieleza," Mwalimu alijibu haraka, akaihamishia simu sikio la pili.

Jumatano aliaga kwamba anabaki shuleni kusahihisha madaftari, kama kila Jumatano. Alhamisi mikono ilimuuma hata chaki ikawa nzito. Ijumaa alishusha sanduku lake kutoka juu ya kabati, akapanga nguo za wiki moja, akalisukumia chini ya kitanda. Miaka kumi na minne ya ndoa. Kama huyo mwenye kucha yupo, sanduku litatoka mlangoni kabla ya chakula cha mchana, na yeye nyuma yake.

Jumamosi akaazima gari la dada yake, akamfuata mumewe. Haikuwa kazi. Daktari aliendesha polepole kiasi kwamba msukuma toroli alimpita, akamsalimia. Kwenye tuta alishusha miguu yote miwili. Kisha, kilomita nne tu kutoka nyumbani, akakata kushoto na kuingia uani kwa mwosha magari.

Mwalimu aliegesha nyuma ya lori. Akasubiri kucha ndefu zitokee.

Hazikutokea. Daktari alivuta kiti cha plastiki, akafungua soda, akalisoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Saa mbili na ushei baadaye, mwosha magari alimletea kindoo cha tope la mfereji. Daktari akachomoa brashi ndogo, akainamisha kichwa, akaanza kuipaka pikipiki tope, doa moja baada ya jingine, kwa umakini ule ule wa kuziba jino. Mwisho akajipaka nyusi.

"Daktari."

Brashi ilianguka.

"Mke wangu, hebu nikueleze."

"Eleza."

"Naogopa. Naogopa kokoto. Naogopa mteremko. Nilishatangaza mbele ya watoto, sasa ningerudije nyuma? Hizi springi unazoziona, mimi sijazipeleka hata kwenye njia ya vumbi."

Mwalimu alicheka mpaka akashikilia tangi. Machozi yakamtoka. Akamfuta mumewe nyusi kwa leso yake, na ilibaki kidogo tu ambusu mbele ya mwosha magari.

Daktari naye alicheka. Halafu kicheko chake kikaanza kupungua, kama cha mtu aliyekumbuka jambo.

"Ila jana fundi alikuja kuikagua," alisema. "Akanipa mkono. Eti foko zimezama hadi mwisho mara nyingi mpaka sili zinavuja mafuta, na rimu ya mbele imepinda kwa kutua kwenye mawe. Mimi nikapokea sifa, nikanyamaza." Akamtazama mkewe. "Mwalimu. Yale madaftari ya Jumatano huwa unayasahihishia wapi?"

Mwosha magari alifunga bomba ili asikie vizuri.

"Kwenye machimbo ya mawe," alisema Mwalimu, macho chini. "Mwanzoni nilikuwa naenda taratibu."